Namjua Hakuchukua Namba

"Mnataka kumzika mke wangu saa saba mchana kama mtu asiye na watu!" Shemeji alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mama, kofia mkononi, akitukazia macho mmoja mmoja. "Mkurugenzi anakuja. Daktari Mkuu anakuja. Wakikuta kaburi limeshafunikwa, nitawaambia nini?"

"Umewapa taarifa lini?" kaka yangu akamwuliza.

"Wewe hujui mimi na wao tunavyoishi."

"Shemeji, unamjua Mkurugenzi au unakijua kiatu chake?"

Msibani watu hawacheki, lakini wawili walichekea puani, na mmoja nilikuwa mimi. Mungu anisamehe.

Mume huyu wa dada yangu alikuwa fundi viatu, kibanda chake kikitazamana na maofisi. Mtaani walimwita Namjua, maana hukumaliza kutaja jina la mkubwa yeyote kabla hajakukata kauli: "Namjua!" Na kweli, kitu alikijua. Madereva walimletea viatu vya mabosi wao kwenye mifuko, naye kwa kuvishika tu alijua nani anaburuza mguu na nani kisigino chake huliwa upande wa nje. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini kiatu kilizaa salamu, salamu ikazaa chai, chai ikazaa urafiki. "Juzi Mkurugenzi ananiambia..." Mkurugenzi mwenyewe, shemeji alikuwa hajamwona ila kupitia kioo cha gari.

Dada alimpenda hivyo hivyo. Jioni akirudi humwuliza, "Haya, baba watoto, leo umewaacha wangapi wanalia kwa kukukosa?" Naye hucheka kuliko sisi sote. Nyumbani mambo hayo yalikuwa mzaha. Shida ilikuwa nje, mbele za watu.

Dada alipozidiwa na tumbo, tulimpeleka hospitali asubuhi, mimi na mumewe. Ukumbi ulifurika. Utaratibu kila mtu anaujua: unakwenda dirishani, unachukua namba, unakaa, unaitwa. Kwenye benchi walikuwepo majirani zetu wawili, mmoja akadakia:

"Aa, Namjua! Wewe si unaingia moja kwa moja? Daktari Mkuu si mtu wako?"

Hapo ndipo aliponasa. Akienda dirishani, watamwona kwenye foleni kama mlalahoi mwingine yeyote. "Nimeshampigia," akasema. "Anatoka sasa hivi." Akakaa, akakunja nne. Dada akaniegemea begani.

Ngoja niseme na langu, maana kumsema mwenzio ni rahisi. Dirisha lilikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa, na miguu ninayo. Sikuinuka. Nilivimba kichwa pale benchini, nikiwaonea huruma wenye namba, kwa kuwa sisi tuna mtu wetu ndani. Masaa matatu. Daktari Mkuu alipita mara mbili. Mara ya pili shemeji aliruka akasimama. "Shikamoo, Daktari." Mtu wake huyo, na anampa shikamoo! Yule akaitikia bila kugeuza shingo, akaenda zake. Shemeji akabaki na tabasamu usoni, hana pa kuliweka.

Ni nesi aliyekuwa akipita ndiye aliyeona dada alivyobadilika, akaita machela. Jioni tulirudi nyumbani bila yeye. Daktari aliyempokea alituambia labda masaa yale yasingebadilisha kitu. Labda. Neno hilo nimelilalia mpaka limenichubua ubavu.

Mama hatukumwambia habari ya namba. Tulimwambia hospitali ilijaa, basi.

Sasa, ule ugomvi wa sebuleni aliumaliza yeye. "Mkwe wangu anataka wageni wake. Tuwangoje mpaka saa kumi." Viti viwili vya mbele vikaachwa wazi. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Kila gari likinguruma, shemeji ananyoosha shati. Saa tisa bibi mmoja, magoti yamemchoka, alitaka kukalia kimojawapo, kaka akamzuia. Shemeji akanyanyuka, akamshika bibi mkono, akamkalisha.

"Kaa, bibi. Hakuna mtu anayekuja."

Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya mama. Watu wote wanasikia, hata wale majirani wawili wa benchini.

"Mama, simjui Daktari Mkuu. Simjui hata mmoja wao. Hospitali sikuchukua namba, niliona aibu kupanga foleni. Mwanao alikaa pale masaa matatu kwa ajili yangu."

"Na mimi, mama," nikasema. "Nilikuwepo, sikuinuka."

Mama alinitazama kidogo, akarudisha macho kwa mkwewe.

"Nilijua kuna kitu," akamwambia. "Siku tatu nakudai neno hilo, mwanangu, nangoja uniletee mwenyewe." Akamwekea kiganja kichwani. "Umeshalipa. Sikudai tena. Inuka, tukamzike mkeo."