Dawa ya Sukari

Mnaniuliza kwa nini nanyamaza mkisifu koti langu jeupe la zamani; basi leo nitasema, ingawa naona haya.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msaidizi wa dawa katika zahanati moja hapa Kisangani (msaidizi tu, lakini nilivyotembea ungedhani zahanati ni yangu). Mafuta ya vitamini ya kutibu macho ya watoto hayachanganyiki na maji, kwa hiyo tulitia kimiminika kizito cha njano cha kuyaunganisha, na Dokta alinieleza kwamba kimetengenezwa kwa sukari. Siku moja kikaisha, meli haijafika, nikajiambia, kama ni sukari, si ninayo nyumbani? Sikumwuliza mtu. Nikachemsha sukari, nikatia mafuta, nikatikisa mpaka mkono ukaniuma, ikawa nyeupe kama maziwa, nikampa Papa Sebastiani, mvuvi wa kule kwenye maporomoko, amnyweshe binti yake Veronika ambaye macho yake yalikuwa yameanza kukauka.

Wiki mbili baadaye akarudi naye, uani watu wamejaa. Mimi, kwa kiherehere changu, nikauliza kwa sauti wote wasikie:

"Papa, dawa yangu iko namna gani?"

"Iko muzuri, mutoto anaipenda sana!"

Akainua chupa. Sisimizi wamejaa shingoni mwa chupa. Mama mmoja akaniambia (kila mvaa koti jeupe walimwita docteur), "Docteur, unipe na mimi ya kutia mu chai!" Watu wakacheka, nami nikacheka (Mungu anisamehe).

"Bon, ile mafuta ya juu tulitoa na kijiko," Papa akaendelea, "sawa vile tunatoa ya mu supu ya samaki. Nilizani iko uchafu."

Kicheko kikanikauka. Sukari haikuyashika mafuta, yalielea juu, na yale mafuta ndiyo yaliyokuwa dawa. Mtoto alikuwa amekunywa maji ya sukari wiki mbili nzima, na jicho lake la kulia lilikuwa jeupe.

Dokta akatoka, akalitazama, akamkaripia baba mbele ya wote kwa kutupa dawa. Mimi nilikuwa nimeichukua ile chupa mkononi mwake na kuificha nyuma ya mgongo.

"Unisamehe, docteur," Papa akaniambia mimi, analia, "ni mimi niliharibu kazi yako."

Nikazidi kuificha chupa.

Niliapa kutochanganya tena kitu nisichokijua, na nimetimiza. Lakini Papa Sebastiani amekufa akiamini kosa lilikuwa lake, na Veronika, tukikutana sokoni, hugeuza kichwa aniangalie vizuri kwa jicho lililobaki, kisha ananisalimu, "Mbote, docteur."