Nikaage Kwanza

Wakufunzi waliotoka mbali walitaka watoto wetu wajifunze kupiga kelele. Mtu mzima akikuita mahali usipopaelewa, walisema, simama imara, nyoosha mkono mbele, sema "Hapana!" kwa sauti ambayo majirani wataisikia. Walianza na sisi wasimamizi, kwenye ukumbi mmoja pale Singida mjini. Watu wazima na heshima zetu tulisimama mistari, tukapiga "Hapana!" mpaka wapishi wakachungulia kuona nani anaibiwa. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kwa sababu nilijua ninakokwenda.

Nilikuwa nakwenda kusimamia kambi ya kusoma ya likizo katika kijiji kimoja cha Ikungi. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa wilaya hiyo, upande wa Mungaa. Kambi yetu haikuwa ya kulala. Watoto wa darasa la tano na la sita ambao kusoma kuliwapiga chenga walikuja asubuhi, wakasoma, wakala mchana, wakasoma tena, na jua likianza kulegea wakarudi makwao. Nilikabidhiwa mambo mawili: wajue kusoma, na warudi kwa wazazi wao salama kama walivyokuja. La kwanza nililifanya kwa kalamu na ubao. La pili lilitaka akili zaidi.

Siku ya kwanza nilifundisha kama nilivyoelekezwa, maana kazi ni kazi. Watoto walifurahi mno. Ni lini tena utapewa ruhusa ya kumpigia mtu mzima kelele? Jioni ile ile mvulana mmoja alitumwa maji na babu yake, naye akanyoosha mkono na kusema "Hapana!" Babu akamchapa, baba naye akamchapa kwa kumkasirisha babu, na kesho yake nusu ya darasa haikuja. Badala yao alikuja mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mama mwenye sauti kubwa na mwendo wa haraka.

"Mwalimu," aliniambia kabla hajakaa, "tumekuletea watoto wajue kusoma. Jeuri wanayo ya kutosha nyumbani."

Sikumkasirikia. Kwetu mtoto ni wa kila mtu, na kila mtu mzima anaweza kumtuma. Hata usiyemjua akipita njiani akasema, "Wewe, njoo ushike hapa," unashika. Ukikataa, habari zinafika nyumbani kabla yako. Nimelelewa hivyo na sioni aibu. Lakini nilijua pia kwamba mtu mbaya haji na pembe kichwani. Anakuja na umri wake, anapokea shikamoo yake, halafu anatuma.

Nikakaa nikafikiri. Mtoto wa kwetu ana nini mkononi ambacho hata mzee hawezi kumnyang'anya? Nikaona anacho kimoja, kuaga. Nyumbani kwetu hakuna aliyeondoka bila kuaga. Mama yangu alinirudisha mara nyingi kutoka barabarani, mzigo ukiwa kichwani, kwa sababu tu sikumuaga, na nikirudi ananijibu kwa upole, "Haya, nenda," kana kwamba hakunitesa kwa kunipandisha kilima upya. Mgeni akiondoka kimyakimya, atasemwa kwa hilo hata kama alileta zawadi. Na mzee akimtuma mtoto aliyemkuta kwa watu, humsubiri mtoto huyo aage kwanza. Sijawahi kuona mtu mwenye akili timamu akimgombeza mtoto kwa kuaga.

Basi lile "Hapana" nikalitupa. Nikawaambia watoto hivi: anayekuita, awe mjomba, awe kiongozi wa kijiji, awe mwalimu, awe mtumishi wa Mungu wa kanisani au msikitini, mpe shikamoo yake. Kisha mwambie, "Ngoja nikaage kwanza," ugeuke, uje mbio kwangu au kwa mpishi. Tutarudi pamoja kumsikiliza. Mtu mwema atasubiri, tena atakusifu. Akisema hakuna haja ya kuaga, usibishane naye, ongeza mwendo.

Tulifanya mazoezi uwanjani. Mimi nilijifanya bibi mwenye mkongojo, nikajifanya dereva, nikajifanya mwalimu mkuu, na nilipojifanya mkaguzi wa shule mwenye tumbo, watoto walicheka hadi wakakaa chini. Wazazi wakawarudisha wale waliokuwa wamezuiwa. Mama mwenyekiti alisimama pembeni akaangalia, mikono kiunoni, akasema, "Hii sasa ndiyo elimu." Nimesimamia kambi nyingine tangu hapo, za Iramba na za Manyoni, na somo hilo sijalibadilisha hata neno moja.

Pale kijijini palikuwa na mtu mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alikuwa mtu wa watu. Msibani yupo, harusini yupo, mchango wa darasa ukitangazwa yeye anatangulia. Mafuta ya chakula cha kambi alitoa yeye, dumu baada ya dumu, bila kuombwa mara mbili. Siku aliyoleta dumu la kwanza alipigiwa makofi, na mimi nilipiga. Mkono mtupu haulambwi, na wa kwake haukuwahi kuwa mtupu.

Mchana mmoja, baada ya chakula, watoto wakiwa wanaosha sahani nyuma ya jiko, alikuja na pikipiki. Hakufika jikoni wala hakuja darasani kunisalimia kama kawaida yake. Alisimama kule kwenye mawe makubwa yaliyo mpakani mwa shule, akamwita msichana mmoja wa darasa la sita. Alikuwa binti mkimya, aliyeanza kambi akifuata herufi kwa kidole, na wakati huo tayari alikuwa anawasomea wenzake. Mimi nilimwona tu akija anakimbia, sahani mkononi, povu la sabuni limemfika viwikoni.

"Mwalimu, nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Baba wa mashine anasema nipande pikipiki tukachukue mafuta nyumbani kwake. Nimemwambia nikaage kwanza. Amesema hakuna haja, mwalimu anajua."

Mwalimu alikuwa hajui. Nilimwacha binti kwa mpishi, nikavuka uwanja bila kukimbia, maana sikutaka anione nakimbia.

"Habari za kazi, kaka," nilimsalimia.

"Nzuri, mwalimu. Nataka katoto kamoja kakanishikie dumu."

"Ahsante sana kwa mafuta. Mpishi wangu atakwenda na wewe."

"Aa, huyo atailemea pikipiki. Huyu mdogo ananitosha."

"Basi usihangaike, kaka. Tutakuja kuyafuata na baiskeli, mimi na mpishi."

Alicheka, akaniangalia kuona kama nami nacheka. Sikucheka. "Mwalimu," akasema, "mnawafundisha watoto kutuogopa."

"Tunawafundisha kuaga. Kwani kwenu hawaagi?"

Akapiga kiki, akaondoka na vumbi lake. Siku hiyo hiyo nilimpigia simu ofisa ustawi wa jamii. Alinisikiliza vizuri, akasema kumwita mtoto peke yake si kosa la kumshtaki mtu, ila nifungue macho na nimweleze jambo lolote jipya. Nilimjibu kwamba macho yangu hayajawahi kufungwa.

Mafuta yakakoma. Watoto wakala maharage ya chumvi, na kijiji kikaanza kunong'ona. Kisha ikaja salamu kutoka kwenye mashine: hatatoa hata tone mpaka yule binti apelekwe nyumbani kwake kumwomba radhi, na kuku juu, kama inavyofanyika kwetu mtoto akimvunjia mzee heshima. Kamati ya wazazi ikaitisha kikao darasani.

Baba wa binti alikuja. Ni mfugaji mpole asiyependa maneno, na kwapani alikuwa na jogoo aliyefungwa miguu. Nilipomwona yule jogoo nilielewa kwamba binti atapelekwa kweli, tena na baba yake mzazi, hadi kwenye mlango ule ule alioukimbia. Na akishapelekwa yeye, ni mtoto gani mwingine angekuja kuaga?

Mama mwenyekiti alifungua kikao kwa kunielekea mimi. "Mwalimu, kambi ikiisha wewe unaondoka. Sisi na huyu mtu tunabaki. Alizeti yetu anakamua yeye, mashudu ya kulishia kuku tunachukua kwake. Mtoto akimwomba mzee radhi, anapungukiwa nini?"

Nikasimama. Sikuwa na karatasi wala sikuwa na haja nayo.

"Aombe radhi kwa kosa gani? Alisalimia. Akaomba kuaga. Nitajieni nyumba moja hapa kijijini ambapo mtoto anaomba radhi kwa sababu ameaga. Moja tu, nami nitambeba huyo jogoo kwa mikono yangu mpaka kwa mzee." Niliwatazama mmoja mmoja. "Mimi ni mtoto wa hapa, msinifanye mgeni. Anayetoa kuku ni yule aliyetaka kuondoka na mtoto wa watu bila mwenyewe kujua."

Wanaume wawili watatu waliguna kwa kukubali. Baba wa binti alimtazama jogoo wake kama mtu aliyebeba mzigo wa mwingine kwa makosa.

Mama mwenyekiti hakuridhika. Binti alikuwa ndani. Nilikuwa nimepinga kuitwa kwake, wakanishinda, basi nilimkalisha kando yangu. Mama akamgeukia. "Hebu sema mwenyewe. Ulimjibu vibaya?"

Binti akasimama, mikono nyuma. "Sikumjibu vibaya, mama. Nilimpa shikamoo. Nikasema nikaage kwanza. Akasema mbona mwenzangu akija kuchukua mashudu haagi mtu, anaingia ndani na anajua kunyamaza."

Nilimshika mkono. "Inatosha, mwanangu. Kaa."

Sikuruhusu aulizwe mwenzake ni nani. Mtoto haulizwi jambo kama hilo mbele za watu, hata kama kamati nzima imekunja uso. Lakini hakukuwa na haja ya kuuliza. Kijiji kizima kilijua ni msichana gani alikuwa akipita na kiroba cha mashudu kichwani. Alikuwa amefaulu vizuri, akaanza kidato cha kwanza, kisha siku moja akavua sare na kugoma kurudi shule. Mama yake alieleza watu wote kwamba ni uvivu, akamkabidhi mabanda ya kuku.

Mama huyo alikuwa bado amesimama mbele yetu. Alipapasa nyuma kutafuta kiti, akakikosa, akashika ukingo wa dawati.

Baba wa binti alimfungua jogoo kamba, akamwachia hapo hapo darasani, akamshika mwanawe mkono wakatoka. Nilikifunga kikao mimi, ingawa hakikuwa changu. Mama mwenyekiti alipofika mlangoni nilimfuata nikamwambia kwa Kinyaturu, polepole, kwamba asimgombeze mwanawe, asimhoji kwa ukali, amwambie tu kwamba atamwamini. Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Kisha nikapiga simu tena, na safari hii ofisa wa ustawi aliniambia atafika kesho, pamoja na askari wa kike wa dawati la watoto.

Nililala kwa hasira, lakini sikulala na wasiwasi. Nilijua nani wa kumwita, nilijua nini cha kusema na nini cha kuacha. Nilichokuwa sijui ni kama kuna mtu atakayekuja kusema.

Asubuhi, watoto wakiwa hawajafika, niliwakuta mlangoni mwa darasa. Mama mwenyekiti alikuwa amejifunga kanga kama mtu wa safari, macho yamemvimba. Nyuma yake alisimama msichana mrefu aliyevaa sweta la sekondari, limebana mikononi kwa kukaa muda mrefu bila kuvaliwa. Mama alifungua mdomo kunieleza. Msichana huyo akamgusa begani, mama akampisha apite mbele.

"Shikamoo, mwalimu," alisema yule msichana. "Mimi ndiye mwenzake."