Picha ya Watoto wa Bibi

Hii naisimulia huku natazama chini, maana hadi leo kuna nyumba pale Mogitu nikizipita natembea haraka kama nimeitwa, lakini nusu yake mmeshaisikia, afadhali niimalizie mwenyewe.

Tope liliposhuka kutoka mlimani na kuichukua nyumba ya Bibi pale Jorodom, liliondoka na picha zake zote. Kwa hiyo watoto wake watano walipokutana Mogitu kwa Shangazi (wengine wanaishi mikoa ya mbali, kuwakusanya si kazi ndogo), Bibi aliomba kitu kimoja tu: picha yenye sura zao wote.

Mpiga picha nikawa mimi. Nilikuwa na kamera mpya, na nilichojua ni kwamba ukilifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, sehemu ya picha inageuka ukungu laini kama moshi wa asubuhi, nami nilikuwa mgonjwa wa ukungu huo. Kwamba tundu likiwa wazi hivyo kinachoonekana vizuri ni ukanda mwembamba tu, pale hasa ulipoilenga kamera, na aliye mbele au nyuma yake anapotea, hilo nililisoma nikaliruka. Na kwetu wazee huwapangi mstari mmoja na vijana: Bibi na wanawe walikaa mbele kwenye viti, wajukuu wakasimama nyuma, na nyuma kabisa alisimama Zawadi, mwalimu mgeni, ambaye nilikuwa nimemtambulisha kama rafiki wa dada yangu.

“Piga na kwa simu, mwanangu,” alisema Baba mkubwa.

“Simu haifai, Baba mkubwa,” nikajibu, mimi mtaalamu.

Kwenye kioo kidogo cha kamera kila mtu alionekana safi. Wakaagana, kila mmoja akarudi kwake. Nikaagiza picha isafishwe Babati, kubwa ya kutundika ukutani, ikaja imeviringishwa, na sikuichungulia hata kidogo kwa sababu nilitaka kuifungua mbele ya watu nione wanavyofurahi. Majirani wakaja, Zawadi akaja, Shangazi akapika pilau.

Nikaifungua. Mbele kulikuwa na nguo za watu watano na mama yao, zenye ukungu mahali pa sura. Nyuma kabisa alikuwa Zawadi, nyusi zake ungeweza kuzihesabu.

“Kumbe huyu ndiye rafiki wa dada,” Shangazi alisema taratibu, na sebule nzima ikaangua kicheko. Zawadi alivuta mtandio usoni akakimbilia jikoni.

Kicheko ningekivumilia. Lakini Bibi aliinuka, akasogea karibu, akapitisha kidole pale alipokuwa amekaa Baba mkubwa, kama mtu anayefuta vumbi.

“Huyu binti nimemwona, mjukuu wangu, ni mzuri,” alisema. “Sasa nioneshe wanangu.”

Niliapa palepale. Siku hizi wakiwa watu zaidi ya mmoja nalibana tundu mpaka kamba ya nguo na ng'ombe wa jirani waonekane, hata picha ikiwa mbaya, mradi kila mtu awe na sura yake. Kuipiga ile picha sasa najua. Ila wale watano hawajakutana tena.