Nilimtafuta Bwana Wangeci Subukia, nikapelekwa kwa shosho

Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Huwa nakusanya magazeti ya zamani. Ni ugonjwa, najua, wife ashakata tamaa na mimi.

Juzi nikapata moja la Kiswahili la miaka ya hamsini, enzi za mkoloni. Ndani kuna hadithi ya memsahib, mama mzungu wa Subukia, anayekoroga Kiswahili. Anamwagiza yaya: "Chemsha mtoto, osha maji." Yaya anauliza kwa adabu: "Kwa sufuria gani, memsahib?"

Nilicheka mpaka wife akaja kuangalia kama niko sawa.

Sasa oneni jina la mwandishi: Bw. R. Wangeci.

Wakuu, Wangeci ni jina la kike. Hapa kwetu hata mtoto wa nursery anajua. Mhariri hakuwa mtu wa huku, na nadhani hakuwazia kwamba mwanamke anaweza kuchekesha vile.

Jumamosi nikaenda Subukia, kule kwa hadithi. Kwa utani nikamuuliza mama wa hoteli kama anamjua Bwana Wangeci. Hakucheka.

"Shosho Bwana? Anakaa hapo juu, kwa geti ya blue."

Kumbe mwandishi ni nyanya wa watu, na majirani walimtania tangu gazeti lilipotoka, jina likaganda. Wajukuu wake walidhani anaitwa Bwana kwa sababu ya ukali.

Nilimkuta Shosho Rahabu akichambua maharagwe. Nikamwonyesha ukurasa. Akaniambia kwamba aliwaandikia wale wa gazeti warekebishe jina. Wakajibu: Bwana Wangeci, tuletee nyingine.

"Nilikasirika," akasema. "Hadithi ni yangu, sifa inapewa mwanaume hata hayuko. Nikasema siwapei ingine mpaka waandike mimi ni mwanamke."

Hawakuandika, naye hakutuma tena. Hiyo iliniuma sana.

Nikatoa simu, nikaichapa hadithi upya palepale, na juu yake nikaweka: Bi. Rahabu Wangeci. Nikamsomea mbele ya wajukuu.

"Rudia hapo kwa jina," akasema. Nikarudia.

Akasukuma maharagwe kando, akajifuta mikono.

"Haya. Sasa andika ile ya pili."

Alikuwa nayo yote kichwani.

Nilichojifunza: ukiona jina limekaa vibaya, uliza, huenda mwenyewe bado anangoja.

Hadithi zote mbili nimeziweka hapo chini. Someni, mseme. Shosho anataka kusomewa kila comment, na ameniagiza nisimfiche hata za wanaoponda.