Macho Mekundu Msimu wa Salfa

Wasomaji wangu, hapa Kilangala tumemzika mpuliziaji wetu wa salfa, mtu aliyekuwa akipulizia mikorosho shamba zima huku akimtania kila apitaye njiani. Mliozoea safu hii mnanijua, marehemu simpambi. Alikuwa mbishi, ana mdomo, na alipenda sifa kuliko ugali. Lakini kuchekwa huku anakufa, hapana, hilo hakustahili.

Nyuma ya kijiji kuna bwawa. Wajenzi wa barabara walichimba kifusi, wakaenda zao, shimo likajaa mvua. Ng'ombe hunywa humo, panya buku nao wana mambo yao humo, na jioni wapuliziaji hujitupa humo kutoa unga wa salfa mwilini. Kuoga kukageuka mchezo. Marehemu ndiye alikuwa bingwa wa kupiga mbizi. Atazama mpaka watu waanze kuulizana, kisha aibukie upande wa pili: "Mmeshagawana baiskeli yangu?"

Msimu huo kila mpuliziaji ana macho mekundu. Ni salfa, hata mtoto anajua, na dawa yake maziwa. Basi alipoamka macho yamemwiva, ana homa, misuli ya miguu inamuuma hata kuchuchumaa hawezi, nani angeshtuka? Mkewe peke yake. Aliwafuata wapuliziaji wenzake na mumewe akawaambia, "Salfa haileti homa. Niitieni bodaboda nimpeleke hospitali." Wakamcheka. "Shemeji, mpe maziwa. Anakwepa kazi huyo!" Naye, mbishi wangu, akacheka nao, akanywa, akatapika. Walipokuja kumbeba, macho yalikuwa manjano na mkojo hautoki tena.

Daktari aliuliza ameogelea wapi. Kisha akasema ni homa ya mgunda: vijidudu vya mikojo ya panya na mifugo hukaa kwenye maji yaliyotuama, na huingia mwilini kupitia michubuko na macho. Si ugonjwa wa kila siku, akasema, ila angeletwa mapema, dawa za kawaida huenda zingemwokoa. Sasa figo zilikuwa zimekufa.

Mimi hasira zangu si za panya. Tumezoea kazi inayotuumiza mpaka kwa kila maumivu tunailaumu kazi hiyo hiyo, na anayeuliza tunamwona mjinga, hasa akiwa mwanamke.

Siku ya maziko nilikaa chumbani na mjane. Makaburi yako jirani na bwawa. Wanaume walipomaliza kufukia, tukasikia maji yanapigwa, na vicheko. Akanyanyua uso. "Dada, wanaoga?" Nikamwambia ndio. "Nenda ukawatoe. Mimi nina eda, sitoki."

Nikaenda. Walikuwa wale wale, wanatoa udongo wa kaburi lake miguuni. Nikawaambia yote aliyosema daktari. Mmoja akafikicha macho, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, Mungu amrehemu, yule ameuawa na salfa. Hakuyamaliza maziwa."

Nyinyi mnaonisoma, homa ikikushika baada ya kuogelea kwenye maji kama yale, nenda hospitali, na mwambie daktari ulioga wapi kabla hajakuuliza. Wale sikuwaweza. Nilirudi nikamwambia mjane wametoka. Akaitikia kwa kichwa, tukakaa tunawasikia.