Nati Hukazwa Gari Likiwa Chini

Nakumbuka asubuhi moja pale Igawa, mwanangu, miaka ile ya sabini, tajiri wangu aliponiita nyuma ya gari na kuniuliza swali lililonichoma kuliko kofi.

"Gari langu linachechemea. Umekuwa ukibeba mizigo ya nani?"

Aliitwa Mzee Masanja, mfugaji aliyehama na ng'ombe wake kutoka kaskazini akaja kukaa Usangu. Mimi nilikuwa dereva wake. Landrova yake, pikapu, ilikuwa kuukuu tayari, na kweli nyuma ilikuwa imelalia kushoto kama mzee aliyeumwa nyonga. Lakini sikuwa nimebeba hata kuku wa mtu bila yeye kujua.

Shule niliiacha mapema, mwanangu. Nilitaka kujua kila kitu kwa mara moja, na darasani walinipa kimoja kimoja. Nikafanya kazi Tukuyu kwenye chai, Mbeya kwenye mashine ya kusaga, Makambako kwenye mbao. Mtu akinikunjia uso tu, naaga. Kwa Mzee Masanja ndipo nilipotamani kukaa. Barabara ya lami ilikuwa mpya, maziwa hayakukosekana, na mzee mwenyewe alinifundisha kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama masikio. Ndiyo maana swali lile liliuma.

"Twende Iringa kwa fundi," akasema. "Akisema springi zimekufa kwa mizigo ya wizi, tutaachana huko huko."

Tukapakia mpunga kama kawaida, maana mzee alikuwa akiununua kwa wakulima na kuuuza mjini. Nikasukuma kifurushi changu cha nguo chini ya kiti. Nikaendesha hadi Iringa.

Fundi alikuwa Mzee Kihwele wa mtaa wa Mlandege, Mhehe mwembamba aliyependa utani. Tulipokwisha kupeana "kamwene", salamu ya kwao, akalizunguka gari, akasema, "Nyie watu wa ng'ombe, mnyama akichechemea mnamchinja. Gari halichinjwi."

Akatushushisha magunia yote. Akaliingiza gari kwenye sakafu ya saruji, akajaza upepo sawasawa kwenye matairi. Alisema gari likisimama kwenye mteremko, au tairi likipungua upepo, litamsingizia mtu. Bado likalala kushoto. Mzee Masanja akanitazama. Nikachukua kifurushi changu.

"Naondoka, mzee. Tafuta dereva asiye mwizi."

"Nenda!"

"Kijana," fundi akaita kutoka chini ya gari, "kabla hujaenda nishikie spana hii. Nina mikono miwili tu."

Nikaweka kifurushi ukutani nikashika. Sikuwahi kuona springi zikifunguliwa, na udadisi wangu siku zote ulikuwa mkubwa kuliko hasira yangu.

Akazilaza zote mbili sakafuni. Hakuna jani, yaani bamba la chuma la springi, lililovunjika. Ile ya kushoto ilikuwa imenyooka tu, imechoka.

"Hapa hakuna mzigo wa wizi," akasema. "Hapa kuna mzigo wa upande mmoja. Mnapakiaje?"

Nikamweleza. Tunasimama kando ya barabara, wakulima wanatupitishia magunia kutoka kushoto, upande wa nyasi, maana kulia malori ya Zambia yanapita kwa kasi.

"Na nani anapokea huko juu?"

Mzee Masanja hakumwamini mtu kumpangia mpunga wake. Alikuwa akipokea mwenyewe na kuangusha pale pale kushoto, gunia juu ya gunia.

"Nyani haoni kundule, Masanja," fundi akacheka.

Mwenzake hakucheka. "Basi ongeza jani kushoto, twende zetu."

"Nikiongeza upande mmoja litasimama vizuri hapa kwangu, halafu njiani litakurusha. Wewe una maksai. Ukimlisha mmoja tu, jembe si litakwenda kombo?"

Akazigonga zote mbili, jani kwa jani, mpaka mikunjo ikalingana. Tukazirudisha. Gari lilikuwa bado juu ya jeki, nami kwa pupa yangu nikaanza kukaza nati. Akanidaka mkono.

"Acha! Ukikaza gari likiwa hewani, bushi, zile raba za springi, zitashikwa vibaya. Likishuka zinajipinda, mwisho zinakatika. Lishushe kwanza, libebe uzito wake, ndipo ukaze." Kisha akakitazama kifurushi changu pale ukutani. "Na wewe maneno yako umeyakaza ukiwa hewani. Hata wewe, Masanja, mtu mzima."

Tukalishusha. Likakaa sawa. Nikakaza.

Mzee Masanja akapanda nyuma ya gari. Nikadhani ananingoja niondoke. Akainama, akanyoosha mikono.

"Mbona umesimama? Lete gunia. Na uniambie, hili la kwanza nililaze wapi?"

Mtu yule hakuwahi kumuuliza yeyote juu ya mpunga wake. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Nikamwambia, "Kulia, mzee." Akaliburuta hadi kulia. Nilikaa kwake mpaka nikaoa.

Mwanangu, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana watu hulaumu upesi. Ukilaumiwa, usikimbie, kwa maana anayekimbia huacha jina lake nyuma lijibu peke yake. Na ukilaumu, tazama kwanza mkono wako mwenyewe unaangushia wapi. Hasira ikikunyanyua, usiamue jambo ukiwa huko juu. Shuka, ubebe uzito wako, ndipo ukaze.

Mungu akujalie kazi utakayoipenda, na rafiki wa kukudaka mkono kwa wakati. Ukae kwa amani popote utakapofika.