Nani Alimshonea Gauni Bibi wa Kapteni

Germain alikuwa mwendesha grue, ile mashine ya kunyanyua mizigo, bandarini Kalemie, muimba besi wa parokia, mtoto wa mvuvi aliyeshuka kutoka Baraka na familia yake yote ndani ya mtumbwi mmoja. Alikuwa mtu mwema, asiyekunywa kupita kiasi. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuacha hadithi ipite na tundu.

Ulimwanza mapema. Katekista aliposimulia habari za gharika, Germain mdogo aliuliza kama samaki nao waliadhibiwa, maana kwake ilionekana walifanyiwa sikukuu. Akatolewa nje. Alipokwenda kumchumbia Clémence, mjomba wa binti alieleza jinsi alivyomuua mamba, na kisu kikabaki kooni mwa mnyama, na mamba akazama nacho. Wakwe wote walipiga makofi. Germain akatazama kiunoni mwa mjomba, akauliza kwa heshima, "Basi hicho hapo ni kisu gani, Papa?" Ndoa ikasogezwa mbele msimu mzima.

Hivyo ndivyo alivyokuwa alipofikisha umri wa kuota kitambi, mwaka ule majina ya ubatizo yalipokuwa yameruhusiwa tena Zaire na watu wakaanza kuitana Évariste na Bibiane hadharani bila kugeuza shingo. Ni mwaka huohuo Urbain alipoleta mchezo.

Urbain alikuwa rafiki yake wa tangu shule, mchuuzi wa vitenge na sabuni aliyezoea kuvuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi. Safari hiyo alirudi na kisanduku cheusi kilichofungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Alikichomeka kwenye televisheni ya buvette, kile kilabu cha bia cha mke wake, Marceline, mtaani Kataki, akaingiza kaseti moja aliyokuwa nayo, na watu wakaona nyota.

Mchezo haukuwa na maneno, picha tu. Kapteni mwenye kofia ya kioo amesimama na mwanamke mwenye gauni jekundu. Chombo kinashuka, ndani yake mna watu wenye sura na mkia wa mjusi, na mkubwa wao, mjusi mnene mwenye taji, anamchukua mwanamke na kupaa naye. Hapo ndipo unashika maneta, kile kidude chenye vifungo, na kumrusha kapteni nyota hadi nyota akiwapiga watu-mijusi risasi. Kila nyota unakuta nyumba yao, na mwanamke amesimama mlangoni. Ukimkaribia tu, mjusi mkubwa anamchukua tena kwenda nyota ya mbele.

Watu walicheza kwa zamu huku wengine wakipiga kelele za ushauri. Germain alicheza vizuri kuliko wote, maana maisha yake yote mikono yake ilikuwa imeshika vishikio vya grue. Lakini siku ya kwanza tu aliweka maneta mezani katikati ya vita, kapteni akaliwa na mjusi.

"Urbain, hiki chombo kinatia mafuta wapi?"

"Mafuta gani?"

"Ya kwenda. Kutoka hapa mpaka Kabalo gari moshi inasimama. Huyu amepita nyota tatu, hajasimama hata mara moja."

"Ni chombo cha wazungu," alisema Urbain. "Kinatumia kidogo."

Germain aliinamisha kichwa akalikubali hilo kwa muda. Kesho yake alirudi na lingine. Kwenye nyota ya pili kapteni huvua kofia ya kioo ili kupanda ngazi, na bado anapumua. Kama hewa ipo, aliivaa ya nini? Urbain alijibu kwamba ni kofia ya kazi, hata yeye Germain anavaa kofia kwenye grue na hewa ipo. Buvette nzima ikacheka, na Germain akaenda kwake bila kumaliza bia.

Jambo lililowasha moto lilikuwa la gauni.

"Tazameni vizuri," Germain alisema jioni moja, akigusa kioo cha televisheni kwa kidole. "Alichukuliwa amevaa gauni jekundu. Nyota ya tatu, gauni kijani. Hana valisi ya nguo. Nani alimshonea?"

Marceline aliacha kufuta glasi, akasogelea televisheni.

"Njo gauni ile ile," alisema Urbain. "Rangi ya televisheni inabadilika umeme ukipungua."

"Na nyasi mbona hazijabadilika? Huyu si yule. Hawa ni wanawake wawili. Kapteni iko na bibi wawili."

Kwa maneno hayo mji uligawanyika, au tuseme ule upande wa mji uliokuwa ukinywa kwa Marceline. Wanaume kadhaa walimuona Germain kuwa mtu wa akili nyingi. Wake zao walimuona vingine. Uvumi ukafika parokiani kwamba Papa Germain wa besi anahubiri ndoa ya bibi wawili kwa kutumia nyota, na Jumatano iliyofuata, mazoezini, akina mama wa sauti ya kwanza wote walikataa kuanza wimbo mpaka aeleze. Aliwaeleza habari za gauni. Wakazidi kukasirika, kisha wawili kati yao wakauliza gauni lenyewe lilikuwa na mikono mirefu au mifupi.

Clémence hakukasirika. Alikuwa ameishi na maswali ya mume wake miaka mingi, akala nayo na kulala nayo. Jumamosi alifunga kitenge vizuri, akaenda buvette, akaketi kwenye kreti ya bia, akasema, "Cheza, nione."

Germain alicheza. Clémence alitazama mpaka nyota ya tatu, mikono mapajani.

"Huyu mama hajakamatwa," alisema.

"Vipi hajakamatwa?" aliuliza Urbain. "Tumeona kwa macho."

"Muntu wa kukamatwa analia. Anakimbilia anayekuja kumuokoa. Huyu anasimama mlangoni kama muntu mwenye mlango wake. Anangoja. Kapteni wenu akifika, anaondoka." Akainuka, akakung'uta kitenge. "Germain, bukari inapoa mezani."

Njiani Germain alitembea nyuma yake akifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuona tundu ambalo yeye hakuliona, na lilimuuma kama jiwe ndani ya kiatu.

Jumapili baada ya misa aliamua kuimaliza hadithi. Hakuna aliyewahi kupita nyota ya mwisho. Alivua koti, akaketi, na watu wakajaa mpaka dirishani. Watu-mijusi walikuja kama ndagala wavuni. Germain aliwashusha wote polepole, bila kutikisika, kama anayeshusha mifuko ya saruji. Mjusi mkubwa akaanguka, taji likabingirika, kapteni akamkumbatia mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu kisanduku kivuke ziwa, maneno yakatokea. Kiingereza.

Marceline alimwita mdogo wake, Claire, aliyekuwa jikoni akipara samaki. Claire alifundisha Kiingereza kwenye shule ya sekondari. Alikuja na kisu mkononi, magamba yamemganda mikononi, akasoma taratibu.

"Hongera, Kapteni. Umemrudisha mama yako nyumbani."

Televisheni iliendelea kupiga muziki peke yake.

"Soma tena," alisema Urbain.

Alisoma tena. Ilikuwa mama bado. Wanaume waliotumia nusu ya mwezi mzima kugombania ndoa ya kapteni wakaanza kutazama viatu vyao. Clémence, aliyemfuata mume wake kutoka misa, alicheka mpaka akashikilia mlango. Germain aliuliza kwa sauti ndogo mama gani huyu asiye na mvi hata moja, lakini hakuna aliyemsikiliza, hata yeye mwenyewe hakujisikiliza sana.

Jumatatu asubuhi alikuwa juu ya grue akipakua meli, mifuko ya unga ikining'inia, aliposikia mtu akihema kwenye ngazi. Alikuwa Urbain. Mtu huyu alivuka ziwa kwenye mawimbi akila karanga, lakini hakuwahi kupanda hata juu ya paa la nyumba yake. Aliingia kibandani kwa magoti, macho yamefungwa, akashika mguu wa kiti.

"Sijalala, Germain. Kama ule ni mama yake, baba yake ni nani?"

Germain aliachia vishikio. Alifikiria gauni la kijani, lililomkaa vizuri, la mtu aliyepimwa kwa upendo. Alifikiria mwanamke mlangoni, asiyelia. Alifikiria taji likibingirika, na nani aliyelibingirisha.

"Ee Mungu wangu," alisema polepole. "Mjusi mkubwa."

Urbain alifungua jicho moja. "Alikuja kumchukua bibi yake."

"Alikuja kumchukua bibi yake, na sisi tumemuua. Mimi nimemuua. Jumapili."

Chini, nahodha wa meli alipiga honi, akapiga tena, na wapagazi walisogea kando wakitazama juu, mifuko ya unga ikizunguka taratibu hewani juu ya vichwa vyao.

"Lakini ngoja," alisema Germain, akikuna kidevu. "Mbona mutoto hana mkia?"